Karatasi ya Macho Yangu

Mjukuu wangu alikuwa na miaka minane nilipomchapa kwa kutoona. Nilimchapa kwa mwiko wa ugali, mara tatu, miguuni, mlangoni pa jikoni, huku nikisema, "Leo utaona! Leo utaona!" Siku hizi nikikumbuka maneno hayo nafunika uso kwa leso hata kama niko peke yangu. Lakini siku ile niliusuuza mwiko, nikaendelea kusonga ugali, nikajiona mama anayejua kulea.

Nianzie mbali kidogo. Mimi niliacha shule darasa la tatu, na nikianzia katikati nitawapoteza.

Tulikuwa tunakaa upande wa Usenge, karibu na ziwa, mwanzo wa miaka ya tisini. Mume wangu alikuwa ameshafariki, akatuacha wajane wawili katika boma moja. Mimi nilikuwa mke wa pili. Wa kwanza tulimwita Mikayi, na hivyo ndivyo mke mkubwa anavyoitwa kwetu. Nyumba yake ilitazamana na lango, yangu ilikuwa pembeni upande wa kulia. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuimbisha kanisa zima. Kila asubuhi tulisalimiana, na kila asubuhi tulipimana: nani amefagia mapema, ng'ombe wa nani ametoa maziwa, mtoto wa nani ametuma barua.

Mimi nilikuwa na kitu ambacho yeye hakuwa nacho. Nilikuwa na mjukuu. Mwanangu wa kwanza alifanya kazi bandarini Mombasa, na mkewe alipoanza kuzaa mfululizo waliniletea kifungua mimba wao, msichana, nimlee. Alikuja ana miaka minne, ameshika sketi yangu, akaniita Dani, kama watoto wa kwetu wanavyowaita bibi zao. Hakuiachia ile sketi. Kila niendako, yuko nyuma ameishika. Watu walisema ananipenda sana. Mimi pia nilisema hivyo, tena kwa sauti.

Kazi yangu ilikuwa omena, wale dagaa wa ziwani. Tulizianika kwenye nyavu kuukuu juu ya mchanga, zikikauka tunachambua: kuondoa konokono, mawe, na vile visamaki vingine vinavyoharibu ladha. Ni kazi ya macho, ndivyo kila mtu alivyoamini. Mjukuu wangu alichambua kuliko wanawake wazima. Aliinamisha kichwa, vidole vikakimbia kwenye beseni kama kuku anayedonoa, na ukichunguza omena zake hupati hata jiwe moja. Nilikuwa nawaita watu waje watazame.

"Njooni mwone macho haya! Huyu akiwa mkubwa atasoma mpaka vitabu viishe."

Vidole ndivyo vilivyokuwa vinaona. Nilikaa naye beseni moja miaka minne na sikujua. Wakati mwingine alichambua huku uso wake umeelekea ziwani, na nikasema ana akili nyingi, hata hana haja ya kutazama.

Mwaka wa matatizo ulianza na mvua. Kwetu mke mkubwa ndiye hutangulia kupanda. Mvua inyeshe vipi, mke wa pili anakaa na mbegu zake mpaka jembe la mkubwa liingie ardhini kwanza. Sasa mwaka ule Mikayi alikwenda kumuuguza dada yake upande wa Seme, na mvua ikaja yeye hayupo. Siku ya nne nikangoja. Siku ya saba nikangoja. Siku ya tisa nikaona majirani wote wamepanda na mimi natazama udongo mzuri unakauka. Nikapanda. Mahindi yakatoka mazuri sana, na hilo ndilo lililozidisha ubaya, maana yalionekana kutoka barabarani.

Mikayi aliporudi alisimama kwenye mpaka wa shamba langu, hata mzigo wake hajatua kichwani.

"Kumbe siku hizi wewe ndiye mkubwa," akasema.

"Mikayi, mvua haikukungojea."

"Hata chira haingojei."

Chira ni ile laana inayoila nyumba ya mtu aliyevunja mila. Haiji na kelele. Mtu anakonda tu, anapukutika, na mara nyingi huanza na mtoto. Mimi nilikuwa mtu wa kanisa, nilikuwa nasema siamini. Lakini neno lile lilishuka tumboni likakaa.

Wiki chache baadaye mwalimu wa darasa la tatu alinifuata mpaka ufukoni, viatu vyake vikizama mchangani. Alinivuta pembeni, lakini wanawake wa omena wana masikio marefu.

"Mama, mtoto wako haandiki tunayoandika ubaoni. Ananakili kwa mwenzake, tena anaandika nje ya mistari. Nikimwuliza anasema haoni."

"Haoni? Huyu? Mwalimu, njoo umtazame akichambua omena!"

Alimtazama. Alitikisa kichwa na kusema, "Basi ananichezea."

Jioni hiyo ndipo nilipomchapa. Kesho yake nilimpeleka kliniki ya karibu, na muuguzi akamulika tochi machoni, akasema macho ni masafi, hayana ukungu, hayana doa. "Sioni ugonjwa hapa," akasema. Nikafurahi kama mtu aliyeshinda kesi. Naomba mnisikie vizuri hapa, maana ndipo aibu yangu ilipo. Mtoto mwongo ningeweza kumchapa yakaisha. Mtoto mgonjwa ningeulizwa nilipanda lini. Kwa hiyo nilitaka awe mwongo.

Muuguzi hata hivyo aliandika barua. Alisema Kisumu kuna daktari mwanamke, Mhindi, mwenye mashine ya kusoma umeme wa ubongo. Watu wa kifafa ndio wanaopelekwa kwake, lakini pia anaweza kujua kama mtu anaona kweli au anajifanya, bila kumwuliza swali.

"Bila kumwuliza?" nikasema.

"Mashine inauliza ubongo, Mama. Ubongo hauwezi kudanganya."

Basi nilirudi ufukoni nikatangaza. Nikasema nakwenda Kisumu, kuna mashine, itamuumbua huyu msichana na mchezo utaisha. Mikayi alikuwa anageuza omena zake. Hakuinua kichwa. "Na ikikuta haoni?" akauliza.

"Utanicheka mbele ya watu wote," nikajibu. "Nitakaa hapa nikingoja."

Tulilala Nyamasaria, pembeni mwa Kisumu, kwa mdogo wangu ili tuwahi asubuhi. Muuguzi alikuwa ameagiza kichwa cha mtoto kioshwe kwa sabuni na kisipakwe chochote. Mdogo wangu alimwosha vizuri. Lakini asubuhi nikamtazama: nywele kavu, zimepauka, kama mtoto asiye na mwenyewe. Nimpeleke hivyo kwa Mhindi? Aseme huyu mwanamke hana hata mafuta? Nikachota mafuta ya mgando, nikampaka mpaka kichwa kikang'aa.

Mtu wa mashine alikuwa mzee wa makamo, mpole, mwenye koti jeupe. Aligusa kichwa cha mtoto, akatazama vidole vyake.

"Mama, tulisema bila mafuta."

"Ni kidogo tu."

"Kidogo? Hapa naweza kukaanga mandazi."

Alicheka, mimi sikucheka. Akamwosha tena kwa dawa, kisha akachukua tepu ya fundi cherehani, akapima kichwa: kutoka kwenye mzizi wa pua, juu ya utosi, mpaka kwenye ile nundu ya kisogo. Akatia alama kwa penseli. Akasugua ngozi kidogo hapo, akabandika vikombe vidogo vya madini kwa dawa nzito kama uji wa jana: vitatu kisogoni, kimoja utosini, kimoja kwenye paji la uso. Kila kimoja na waya wake. Mjukuu wangu alikaa na mikono magotini. Alikuwa anaogopa, nilijua, kwa sababu alikuwa akisugua ukucha wa kidole gumba.

Nilimnong'oneza yule mzee. "Hii inamshika mwongo mara moja?"

"Mama, hii haishiki wezi," akasema. "Macho yanatuma barua, kisogo kinapokea. Sisi tunasimama mlangoni pa kisogo kuangalia kama barua imefika, na imefika saa ngapi."

Chumba kikatiwa giza. Mbele ya mtoto kulikuwa na televisheni yenye miraba myeusi na myeupe kama ubao wa drafti, na kila mara nyeusi zinageuka nyeupe, nyeupe zinageuka nyeusi, tiki, tiki, tiki. Katikati palikuwa na doa jekundu. Daktari mwenyewe aliingia, mama mfupi aliyevaa sari na sweta, mzaliwa wa Kisumu, anaongea Kiswahili na Kijaluo cha sokoni. Alifunika jicho la kulia la mtoto kwa pamba.

"Unaona doa jekundu?"

"Ndiyo," mjukuu wangu akasema.

"Liko wapi?"

Akasugua ukucha wa kidole gumba. "Katikati."

"Katikati ya nini?"

Mimi nikaruka kwenye kiti changu. "Tazama vizuri wewe! Sisi hatujatoka Usenge kuja kucheza!"

"Mama," daktari akasema bila kugeuka, "ukipiga kelele shingo yake inakaza, na shingo ikikaza mstari wangu unachafuka. Nyamaza au toka."

Nikanyamaza. Walipomaliza na miraba wakaleta taa, wakaiweka karibu na uso wake, ikawa inapiga mwanga ghafla, paa, paa, kama radi bila ngurumo. Daktari alisema miraba mtu anaweza kukataa kuitazama, lakini mwanga huu unapita hata kwenye kope zilizofungwa. Kisogo lazima kijibu. Nikasema moyoni, sasa tumempata.

Mashine ilikuwa inajumlisha. Mara moja haitoshi, alinieleza yule mzee, kwa sababu ubongo una kelele zake nyingi kama soko. Inabidi waulize mara mia ndipo jibu lijitokeze na kelele zijifute. Karatasi ikatoka. Mimi sikujua kusoma chochote pale. Niliona mstari unaotambaa, kama alama ya konokono kwenye mchanga.

"Mashine yako imeharibika," nikamwambia daktari, maana uso wake haukunipendeza.

Hakukasirika. Aliniambia, "Kaa wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Tuone kama imeharibika."

Basi nikakalia kile kiti, nikafunguliwa kitambaa cha kichwa, nikabandikwa nyaya mimi mwanamke mzima, nikatazama yale madrafti yakirukaruka. Karatasi yangu ikatoka, na juu yake kulikuwa na kilima. Kilima kizuri, kimechongoka, kimesimama mahali pake. Jicho la kulia, kilima. Jicho la kushoto, kilima. Nitasema ukweli wote: nilifurahi. Mjukuu wangu amekaa pale ana nyaya kichwani, na mimi nikatabasamu kwa sababu ya kilima changu.

Daktari akaziweka karatasi mbili mezani sambamba.

"Hii yako. Barua inafika, na inafika kwa wakati. Hii ya mtoto. Jicho la kulia, tumeuliza mara mia mbili, hakuna jibu. La kushoto, unaona hiki? Kilima kidogo, kimelala, kimechelewa. Mtoto hadanganyi, Mama. Macho yake ni mazima, ile njia ya kutoka machoni kwenda kisogoni ndiyo inaumia. Nadhani kuna kitu kinaibana. Aende Nairobi apigwe picha ya kichwa, na aende mwezi huu, si mwezi ujao. Jicho la kushoto bado lina kitu cha kuokoa."

Alisema yote hayo mtoto akiwa pale. Akaandika barua ya Nairobi, akanipa pamoja na karatasi zote mbili.

Njia nzima ya kurudi nyumbani sikumwomba mjukuu wangu msamaha. Nilikuwa na shughuli nyingine kichwani. Nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia Mikayi.

Wanawake wa omena walikuwa ufukoni wote. Waliponiona waliacha kuchambua, mmoja akapiga kelele, "Haya, Mama Mashine amefika! Imesemaje?"

Mkono wangu ulikuwa ndani ya kikapu. Karatasi zilikuwa mbili. Sikupanga. Ningependa kuwaambia kwamba vidole viliteleza, lakini vidole vyangu vilijua karatasi ipi ni ipi, maana ile ya mtoto nilikuwa nimeikunja mara nne na yangu niliikunja mara moja tu isiharibike. Nikatoa yangu.

"Hii ndiyo ya mtoto. Mnaona hiki kilima? Hapo ndipo macho yanapofika kwenye ubongo. Daktari amesema hajaona kilima kama hiki."

Ilipita mkono kwa mkono. Hakuna aliyejua kusoma kile kitu, na wote walitikisa kichwa kwa heshima. Mikayi aliishika muda mrefu kuliko wengine. Kisha akageuka, akamwuliza mtoto mwenyewe, taratibu:

"Mwanangu, unaona?"

Alikuwa ameshika sketi yangu. Nilihisi kitambaa kikivutika kidogo.

"Ndiyo, naona," akasema.

Mtoto aliyechapwa kwa sababu alisema kweli, sasa amesema uongo, na mimi nikampapasa kichwa mbele ya watu. Dawa ya kubandikia bado ilikuwa imemganda kwenye nywele.

Ile karatasi yake na barua ya Nairobi niliziweka chini ya godoro. Nikajiambia nitakwenda baada ya palizi. Baada ya palizi nikasema baada ya mavuno. Ningemwambiaje mwanangu atume nauli ya Nairobi wakati kijiji kizima kimeona kilima? Ningeaga nikisema nakwenda wapi? Kila siku niliyongoja iliufanya uongo uwe mzito zaidi kuubeba kwenda kuutua.

Na mtoto alijifunza kazi niliyompa. Alihesabu hatua kutoka mlangoni hadi chooni. Alijua watu kwa kikohozi. Mtu akimwonyesha kitu anasema "kizuri" haraka, kabla hajaulizwa ni nini. Shuleni alihamia kukaa na msichana mmoja anayesoma kwa sauti ya chini. Mwalimu, baada ya kusikia habari za mashine, alimpiga kwa uvivu mara mbili, na mimi sikwenda kumwambia kitu.

Kisha ikawa siku ya mbuzi. Nilikuwa nimemwachia nyavu azilinde nikienda kuteka maji. Niliporudi nikakuta wanawake wamekufa kwa kicheko. Mbuzi wa jirani alikuwa amesimama hatua tatu mbele ya mjukuu wangu, anakula omena kama mtu aliyealikwa, na mtoto amekaa ameelekeza uso papo hapo.

"Wewe mwenye kilima!" mmoja akapayuka. "Mbuzi anamaliza chakula na wewe unamtazama tu!"

Mjukuu wangu akacheka pamoja nao. "Nilimwonea huruma," akasema. "Ana mimba."

Wakacheka zaidi, maana mbuzi alikuwa dume.

Nyumbani alinisubiri nikae chini. Akaja akakaa karibu, akanisemea sikioni ingawa hapakuwa na mtu.

"Dani, yule mbuzi sikumwona."

"Najua."

"Zamani nilikuwa naona weupe wa mlangoni. Sasa hata weupe umeondoka. Siku nikishindwa kabisa kudanganya, niwaambie nini?"

Alikuwa ananiuliza kama mfanyakazi anayemwuliza tajiri wake. Nilitoka nje nikashika ukuta.

Nilikwenda kwa Mikayi jua bado liko juu, watu wanapita, sikutaka kujificha tena. Nilibeba karatasi zote mbili na barua. Nikaziweka mapajani mwake, nikamwambia ipi ni ya nani. Nilitegemea anicheke, nilikuwa nimemwahidi hivyo mwenyewe. Hakucheka. Alimwita binti yake aliyesoma, akasomewa barua, akauliza imeandikwa lini. Akahesabu miezi kwa vidole. Ilikuwa mitano.

"Umelalia hii miezi mitano?"

"Niliogopa utasema chira."

"Ningesema," akajibu. "Nilikuwa na hasira ya shamba, ningesema. Wewe ungeniacha niseme, ukampeleka mtoto. Maneno yangu yangemfanya nini?"

Hakuna kipigo nilichowahi kupigwa kilichouma kama hicho. Kesho yake yeye ndiye aliyekwenda posta kumpigia mwanangu simu, kwa sababu mimi nilikosa sauti.

Tulirudi kwanza kwa yule daktari wa Kisumu. Safari hii sikumpaka mtoto mafuta. Nyaya zilezile, kisogo, utosi, paji la uso. Nilikaa pembeni nikatazama karatasi ikitoka, na sasa nilikuwa najua kusoma kitu kimoja duniani. Jicho la kulia lilikuwa kama mara ya kwanza. La kushoto, palipokuwa na kile kilima kidogo kilicholala, palikuwa na mstari tu, na mwinuko mdogo sana ambao yule mzee wa mashine aliuonyesha kwa ncha ya penseli, tena kwa kusitasita.

Daktari alizitazama tarehe mbili. Nilingoja anitukane.

"Tungekuja mapema angeona?" nikauliza.

"Pengine," akasema. "Sijui. Pengine."

Nimeishi na hilo neno tangu siku hiyo. Angesema ndiyo ningelia nikamaliza. Angesema hapana ningelala.

Nairobi walimpiga picha wakakuta uvimbe, wakamfungua kichwa, wakatoa walichoweza kutoa. Alipona. Mwanangu alikuja, akasikia yote kutoka kwangu kwenye benchi la nje ya wodi, akanyanyuka akatembea mpaka kwenye ukuta wa mbali na kusimama huko akinipa mgongo. Jicho la kushoto lilibaki na mwanga: anajua dirisha liko wapi, anajua mtu akipita mbele ya taa. Leo ni mwanamke mzima, alisoma shule ya wasioona, anaendesha simu za ofisi moja kubwa na anajua sauti za watu mia. Najivunia mpaka naudhi watu. Anajua naandika haya; alisema niandike bila kujipendelea.

Siku ya sita baada ya upasuaji nilikuwa namlisha uji. Kichwa kimefungwa bandeji, midomo imekauka. Akageuza uso kutoka kwenye kijiko.

"Dani, siku ile ufukoni mbona ulitoa karatasi yako?"

"Niliona haya."

Alifikiri. "Haya ya nani? Yangu?"

Nilisema hapana. Nilisema haraka mno, naye alikuwa mtoto aliyezoea kusikiliza jinsi neno linavyotoka. Basi nikamwambia ukweli: ndiyo, na wewe pia. Kidogo. Nilikuwa nimewasifia watu macho yako miaka minne, na sikujua ningekaaje nao bila hayo macho.

Alikunywa vijiko viwili vya uji kabla ya kujibu.

"Wale wanawake umewaambia?"

"Nimemwambia Mikayi."

"Hao wengine waambie. Sitaki nirudi nianze tena kuona. Nimechoka."

Nikarudi Usenge siku tatu kabla yake. Nilikwenda ufukoni asubuhi, wakati wote wapo, nikasimama katikati ya nyavu nikazifungua zile karatasi. Hii ilikuwa yangu, nikasema. Hii ndiyo ya mtoto. Daktari alisema mwezi ule ule, na mimi nilikaa mitano. Na mtoto alisema anaona kwa sababu mimi nilikuwa nimesimama hapo.

Mwanamke mmoja alichukua beseni lake akahamia upande wa pili wa wavu, mbali na mimi, na hakurudi kukaa karibu nami mpaka alipohama kijiji. Mwalimu alikuwa anapita barabarani. Mtu alimwita, akaja, nikarudia yote kutoka mwanzo, na nikaona anavyotazama mikono yake mwenyewe.

Mikayi alikuwepo. Hakunitetea. Aliendelea kuchambua, na nilipomaliza akauliza mtoto anafika siku gani, na ni nani atakayempokea stendi, maana atahitaji mtu wa kumshika mkono.

"Mimi," nikasema.

"Tutakwenda wawili," akasema.